Idi Mubarak, na sinia la bibi

Assalaam aleikum jamaa zangu wa Chake, Wete na Mkoani, nanyi mlioko Unguja, Mombasa na Maskati. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu. Mwezi nao ndio kama mnavyotujua: nyumba hii imekula Idi leo, ya pili inakula kesho. Mkono wa Idi tutapeana tu.

Asubuhi nikipakua bokoboko nimemkumbuka marehemu bibi. Idi iliyomkaa kooni ilikuwa ya mwaka 1961, zama za siasa. Januari watu wa Zanzibar walipiga kura, vyama vikigombea viti vya Baraza: Afro-Shirazi viti 10, Hizbu (ndio ZNP) 9, na ZPPP, kile chama kidogo cha Mohammed Shamte na wenzake waliojitoa Afro-Shirazi mwaka 1959, viti 3, vyote vya Pemba. Hapa Chake mshindi alipita kwa kura moja. Moja! Wale watatu wa ZPPP waliokaa kati wakajikuta wameshika mizani, nao wakagawika: wawili Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11. (Aliyepanga viti 22, hesabu ya shufwa, sijui alitaraji nini.) Serikali haikuundika, kikaongezwa kiti iwe witiri, uchaguzi ukarudiwa Juni.

Idi ikaangukia hapo katikati, mwezi wa tatu. Bibi akapeleka sinia kwa jirani, mke wa mtu wa ZPPP. Likarudi na kawa yake, halijafunuliwa. Na jirani huyo ndiye aliyemzalisha baba yangu.

Juni, Unguja, waliuawa watu 68 katika fujo za uchaguzi. ZPPP ikapata tena 3, safari hii wote wakaegemea Hizbu, na Shamte akawa Waziri Kiongozi. Julai 1963 ZPPP ilifika viti 6, na ikijumlishwa na Hizbu wakawa na 18 kati ya 31, ingawa Afro-Shirazi peke yake ilikuwa na zaidi ya nusu ya kura. Barazani wengi humtwika Shamte lawama zote. Mimi naona hesabu yenyewe ilikuwa na kilema. Uhuru ukaja Desemba 10, Mapinduzi Januari 12. Serikali ile haikutoka arubaini.

Sasa hivi mjukuu wa jirani yule kamtuma mwanawe na sahani ya tambi za kukaanga. Mtoto kasimama mlangoni na kanzu yake mpya, anangoja sahani ya watu, nami natafuta cha kutia isirudi tupu.