Ripoti ya asubuhi haioni kumbukumbu nilizozihamisha

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia saa kumi alfajiri bila kupata usingizi, nikisubiri ripoti ya Logwatch, programu inayosoma kumbukumbu za seva na kuzifupisha kila siku, ambayo najua itakuja tena bila sehemu ya tovuti. Hii ni wiki ya 6 tangu nihamishe kumbukumbu (logi) za seva ya wavuti kutoka folda ya /var/log kwenda kwenye diski ya /data. Sikuzihamisha kwa kupenda makuu. Diski ya /var ilikuwa imejaa hadi hifadhidata ikagoma kuandika, na yeyote aliyewahi kulinda seva angefanya kama nilivyofanya.

Juzi, mbele ya wenzangu wote, mkuu wangu aliipunga ripoti hiyo hewani akauliza kama ninalipwa kwa kutuma karatasi tupu. Wenzangu walicheka.

Usinirudishe kwenye maelekezo, nimeyasoma. Mwanzo nilibadilisha LogDir, mpangilio unaoiambia Logwatch folda ya kumbukumbu, kwenye faili iliyo chini ya /usr/share. Tovuti ikaonekana, lakini sehemu ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, ikapotea kwa kuwa kumbukumbu zake zilibaki /var/log, na programu ziliposasishwa mabadiliko yangu yakafutika yote. Ndipo nikaandika njia kamili ya faili, mstari mmoja wa LogFile, katika http.conf, faili ya mipangilio ya kumbukumbu za tovuti, chini ya /etc/logwatch/conf/logfiles, mahali panapostahili. Nikiiamuru kwa mkono isome siku zote, maombi ya leo yanaonekana. Ikiachwa isome ya jana, kama inavyofanya yenyewe kila alfajiri, haioni kitu. Si suala la ruhusa, kwa sababu inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Faili huzungushwa na kubanwa saa sita usiku, lakini ndivyo ilivyokuwa hata zilipokuwa /var/log, kwa hiyo sioni kama hilo linahusika.

Karatasi tupu! Mtu ambaye hajawahi kufungua hata faili moja ya kumbukumbu.

Siku ile nilimjibu kwamba Logwatch ikikosa la kusema kuhusu huduma fulani huiacha, na kwamba ukimya ule ulimaanisha tovuti iko salama. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli. Ya pili nilijua si kweli nilipokuwa nikiitamka, lakini ningesema nini huku watu wanacheka? Kwa wiki zote hizo hakuna aliyeangalia ni nani anayebisha hodi kwenye tovuti yetu, na mimi mwenyewe sijathubutu kuzisoma faili za nyuma, nisije nikakuta kitu.

Sitaki kuzirudisha /var/log, maana itakuwa kukubali kwamba nilikosea. Ingawa usiku huu, nikipata nafasi ya kutosha kwenye diski ya /var, nadhani ningezirudisha kabla mkuu wangu hajaingia ofisini, na nisingelazimika kumweleza lolote. Au nimweleze? Naomba unijibu upesi hasa kuhusu http.conf, kwani kikao kingine ni Jumatatu na atakuja na karatasi ile ile mkononi.

Msomaji wako