CRP haitoshi kuthibitisha kifua kikuu

Mhariri,

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba protini ya CRP, ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unapopambana na maambukizi, itumike kuwachuja watu wazima wanaoishi na VVU, na anayezidi miligramu 5 kwa lita achunguzwe kifua kikuu. Tone la damu ya kidole linatosha, na majibu hutoka mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Hata hivyo, nimonia nayo huipandisha protini hiyo (malaria vilevile), hivyo kliniki isiyoweza kupeleka makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, inayotambua vijidudu vya kifua kikuu, itabaki na orodha ya wanaohisiwa tu. Wizara isinunue kipimo cha CRP kabla ya kuhakikisha usafiri wa makohozi.

Msomaji,
Morogoro