Usafi wa fukwe usiishie kwenye picha

Mhariri, naomba kanafasi kwenye safu yako. Kila Septemba, ile Jumamosi ya tatu ya usafi wa fukwe duniani, Coco Beach, ufukwe wetu wa hapa Dar es Salaam, inajaa watu wenye tisheti mpya na glavu, wanaokota chupa, vizibo, mirija, makandambili ya mguu mmoja, yaani vijana wanajituma kweli na hongera zao nawapa. Ila jamani, mwaka jana picha zikapigwa, watu wakasepa, viroba vilivyojaa vikabaki palepale mchangani vikisubiri gari ambalo halikuja, usiku maji yakajaa yakavibeba, asubuhi napita nakuta vizibo vimetapakaa upya. Sasa tulikuwa tunafanya nini?

Halafu tuseme ukweli, sio wanaokuja kula mihogo pale ufukweni tu wanaochafua. Mto Msimbazi unapita Jangwani na kumwaga baharini pale Daraja la Selander, mvua ikikaza kidogo unakokota kila kilichotupwa kwenye mitaro ya huko juu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, sawa, imepungua, lakini chupa za maji je? Mi naona wenye viwanda wabanwe wanunue chupa zao tupu kwa bei inayoeleweka, waokota chupa watazimaliza mtaani kabla hazijafika mtaroni, maana bei ya kilo saa hizi inakatisha tamaa. Na wanaoandaa usafi, gari la taka lifike kabla ya mpiga picha.

Msomaji wako, Kinondoni