Barua kwa mwanangu: lile jedwali la kwenye friji

Mwanangu mpendwa,

Nimefika salama, miguu tu ndiyo imevimba kidogo kwa kukaa safari nzima. Siku zote nilizokuwa kwako nilijizuia nisiseme, maana hata mama akiwa mgeni hakosoi jiko la mwenyeji wake. Sasa niko mbali, ngoja niseme.

Ni lile jedwali la fahirisi ya glaisemia ulilobandika kwenye mlango wa friji ili upungue, linalopa kila chakula namba kwa jinsi kinavyopandisha sukari ya damu. Siku ya pili nilikata tikitimaji, nikakuwekea vipande vitatu, ukasukuma sahani pembeni: "Mama, hilo lina 76." Usiku nikakukuta na bakuli la aiskrimu, eti yenyewe iko kwenye rangi ya kijani, ya namba ndogo. Nikanyamaza, lakini usingizi haukuja upesi.

Hiyo fahirisi ya glaisemia naijua tangu nilipoanza kutoboa kidole kila asubuhi. Haikuanzia kwa watu wanaotaka kupungua, mwanangu, ilianzia kwa sisi wa kisukari. Daktari David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, waliitoa mwaka 1981, wakitaka kujua wanga upi unapandisha sukari kuliko mwingine. Mtu aliyelala bila kula anapewa chakula chenye gramu 50 za wanga unaomeng'enywa, anapimwa damu kwa muda wa saa mbili, kisha wanalinganisha na siku aliyokunywa gramu 50 za glukosi. Glukosi ndiyo 100. Chakula chenye 70 na kuendelea kinahesabiwa cha juu, 55 kushuka ni cha chini. Kwa hiyo namba ile inakuambia gramu 50 za wanga wa chakula fulani zimepandisha sukari kiasi gani. Wewe umepakua kiasi gani, au chakula kina mafuta kiasi gani, hilo haikuambii kabisa.

Turudi kwenye tikitimaji letu. Lile ni maji matupu. Ili upate hizo gramu 50 za wanga itabidi ule zaidi ya nusu kilo, maganda hatuhesabu. Kipande cha gramu 120 kina wanga gramu 9 hivi. Zidisha kwa 76, gawa kwa 100, unapata kama 7. Huo wataalamu wanauita mzigo wa glaisemia, na chini ya 10 ni mzigo mdogo. Karoti nazo zilionewa hivyo hivyo: kwenye orodha ya mwaka 1981 zilipewa 92, vipimo vya baadaye vikazishusha hadi kundi la chini. Kuna watu walizikimbia karoti miaka na miaka kwa ajili ya namba moja!

Aiskrimu yako sasa. Mafuta yanalichelewesha tumbo kusukuma chakula kwenye utumbo, kwa hiyo sukari inapanda taratibu na namba inakuwa ndogo. Kalori hazikwenda popote. Ndiyo maana hata krispi zinaweza kuonekana "bora" kuliko viazi vya kuchemsha. Jedwali likishakushauri hivyo, na wewe shtuka.

Halafu nikusimulie nilichofanya mwaka jana, ukicheka sawa tu. Nilichukua vipande viwili vya mkate mweupe, nikavila vitupu asubuhi. Kabla ya kula kipimo kilisoma 6.2, baada ya saa moja 11.4. Kesho yake vipande viwili vya mkate ule ule, safari hii na bakuli la maharage: 9.1. Siku ya tatu nikarudia vitupu, nikitegemea 11 na kitu. Ikaja 10.1. Mkate mmoja, kidole changu mwenyewe, na bado namba hazikufanana. Huko Israeli watafiti wa Taasisi ya Weizmann walichapisha mwaka 2015 matokeo ya watu 800 waliovalishwa vifaa vya kupima sukari, na chakula kimoja kilimpandisha huyu sana na yule kidogo. Ongeza na mapishi: ndizi iliyoiva sana si sawa na ilivyokuwa juzi, wali uliopoa si sawa na wa moto, tambi zilizolainika mno si sawa na zilizobaki na ugumu kidogo. Jedwali halikusimama jikoni kwako.

Najua utaniuliza: sasa kupungua je? Kuna utafiti wa Diogenes uliotoka mwaka 2010, wa nchi 8 za Ulaya. Waliwachukua watu waliokwisha kupungua angalau asilimia 8 ya uzito wao, wakawafuatilia miezi sita. Waliopewa vyakula vya fahirisi ya chini walirudisha uzito pungufu kwa kilo moja hivi kuliko wale wa fahirisi ya juu, na waliojizuia vizuri zaidi ni waliochanganya na protini ya kutosha. Kilo moja si haba, lakini si muujiza. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane, shirika linalopitia tafiti za afya, walikusanya majaribio kadhaa, wakaona tofauti na milo mingine ni ndogo au hakuna.

Mimi naona faida yake ipo, ila imekaa pembeni ya namba. Ukibadilisha mkate mweupe kwa wa nafaka isiyokobolewa, ukaongeza maharage na dengu, unapata nyuzinyuzi na protini, unashiba mapema na njaa inachelewa kurudi. Hapo unakula kidogo bila kujilazimisha. Wewe ulikuwa unakula "kijani" mchana, saa kumi unazunguka jikoni ukifungua makabati. Nilikuona, usikatae.

Jedwali usilichane. Litumie unapochagua kati ya wanga na wanga, mkate huu au ule. Matunda yatoe humo kabisa.

Nusu ya tikitimaji niliifunika, iko droo ya chini nyuma ya kabichi. Ile leo au kesho, likipita hapo litachacha.

Mama yako