Madereva wa guta, msiuze chuma kilichokatika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madereva wa guta, yaani pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mizigo, wa Newala, Tandahimba na Masasi, pamoja na wenzao wa Nachingwea na Ruangwa, maana msimu wa korosho ukifunguliwa njia za mashambani hujaa mashine hizo na watu huumia. Mimi ni karani wa mahakama mstaafu. Nimefungua majalada ya madai kwa miaka mingi, ya mipaka ya mashamba, mikopo, talaka na mikorosho iliyoteketezwa kwa moto wa jirani. La mtu aliyeumizwa na chombo kilichotoka kiwandani kikiwa kibovu sikuwahi kulipokea. Kijana akivunjika mguu na guta jipya tunasema kudra ya Mungu, tunachangishana nauli ya kwenda Ndanda hospitali, yanaishia hapo.

Mpwa wangu alivunjika msimu uliopita akipeleka korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Guta lilikuwa jipya, hata nailoni ya kiti ilikuwa haijatolewa. Kwenye kishimo cha mchanga ambacho baiskeli hupita bila shida, foki ya mbele, chuma kinachoshika gurudumu, ilikatika pale ilipochomelewa, gurudumu likalala, kijana akarushwa na gunia zikamfuata. Mfupa wa muundi wa kulia ukavunjika. Kwetu Wamakonde mjomba huitwa mapema kuliko daktari, basi nikafika.

Nilipomaliza kumpa pole niliuliza chuma kiko wapi. Tajiri wake, yaani mwenye guta, alikuwa ameshampigia simu fundi wa kuchomelea ili guta lirudi kazini kesho yake. Simlaumu sana, kila gunia lililolala shambani linamtia wasiwasi mtu. Lakini fundi yule, Mungu ampe heri, alikiangalia kile kipande kabla ya kuwasha moto, akaniita. Pale palipokatika palikuwa na sura mbili. Upande mmoja ulikuwa mweupe, unameta, umeachia siku ile ile. Upande wa pili ulikuwa mweusi, na ndani ya ule weusi ilionekana rangi nyekundu, ile ile iliyopakwa guta zima. Rangi haipenyi ndani ya chuma kizima. Ufa ulikuwapo kabla guta halijapakwa rangi. "Mzee," akaniambia, "hii haikuanza kukatika Newala. Imekuja na ufa wake."

Kesi yote imo humo. Fundi akishapitisha moto juu ya kipande kama kile, hakuna tena cha kumwonyesha hakimu. Ukikipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, umeuza shauri lako kwa bei ya kilo. Kipigeni picha kila upande, na kibao chenye namba ya chesisi pia, kisha kifungeni na kukiweka kwa mtu asiye na haraka nacho. Chukueni PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi. Ombeni mkaguzi wa magari wa polisi, au fundi mwenye cheti, aandike alichokiona, aweke tarehe na sahihi. Chuma ni mali ya tajiri, kwa hiyo huwezi kumnyang'anya; mwombe kwa maandishi asikiguse. Wa mpwa wangu alikubali mara tu nilipomweleza kwamba hata yeye ana dai kwa aliyemuuzia.

Nisieleweke kwamba kila ajali ya guta ni kosa la kiwanda. Nyingi ya mashine hizi hufika ndani ya makasha zikiwa vipande vipande, zikaungwa na mafundi wa dukani. Nati iliyoachwa imelegea ni ya aliyeunga. Breki zilizokwisha na kuachwa hivyo ni za tajiri. Gunia zilizozidi uwezo wa chombo ni za dereva, na mahakama ikiona naye amechangia, hugawa lawama na kumpunguzia fidia. Maandishi ya fundi yanahitajika hapo, kwa sababu upande wa pili utakuja na neno moja tu: alizidisha mzigo.

Sasa adaiwe nani? Wengi hukimbilia bima. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, inamlinda aliyegongwa. Dereva mwenyewe haimsaidii, na mjue hivyo mapema msipoteze nauli.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ni habari nyingine. Mfuko haumuulizi mtu nani alikosea, unauliza kama ameumia akiwa kazini. Mchango wake hulipwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi senti. Taarifa ya ajali isipofika ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea. Tajiri atasema huyu si mwajiriwa wangu, ananiletea hesabu tu. Msikubali haraka. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa mfano akiwa anamtumikia mtu mmoja tu, au anapewa vitendea kazi, au amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Dereva wa guta mwezi wa kumi na moja anazimaliza saa hizo 45 ndani ya wiki moja.

Muuzaji naye ana lake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi yake, na dai la mkataba lina miaka sita. Lakini hilo ni la aliyenunua, na mpwa wangu hakununua kitu. Duka likatuonyesha maandishi chini ya risiti, "mali ikiuzwa hairudishwi," kana kwamba tumekwenda kurudisha guta. Mguu haukuandikwa kwenye risiti ile.

Kwa asiyenunua, njia ni kudai uzembe, na hapo mahakimu wa zamani walipenda kutusimulia kisa cha konokono. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskoti, mama mmoja alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi. Alidai kwamba masalia yalipomiminwa alitoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, si mwenye mgahawa, si mtengenezaji. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malodi, London, waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumjali mtumiaji wa mwisho hata kama hawajapata kuonana. Sisi tuliipokea sheria ya Kiingereza tangu enzi za Tanganyika, na kanuni ile inatajwa mpaka leo katika mahakama zetu. Chupa haikuonyesha ndani, mama hakuweza kuona kilichomo. Ufa uliofunikwa na rangi nao dereva angeuonaje? Dai la namna hii lina miaka mitatu kwa Sheria ya Ukomo, nayo haingoji mguu upone.

Kiwanda kiko ng'ambo, najua. Muagizaji yuko Dar es Salaam, ana ofisi, ana TIN, yaani namba ya mlipakodi, na kwa maoni yangu ndiye wa kuulizwa kwanza alikagua nini kabla ya kusambaza. Malalamiko yapelekwe pia Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango, TBS. Hawatalipia mguu wa mtu, lakini wakikagua mzigo uliobaki ghalani, ripoti yao ina uzito kuliko kelele zetu.

Na hapa nina neno kwa wakubwa hao. Mwaka 2018 kampuni ya Polaris ya Marekani, inayotengeneza magari madogo ya porini, ilikubali kulipa dola milioni 27.25 baada ya mamlaka ya usalama wa bidhaa ya huko kudai kwamba ilichelewa kuripoti hitilafu za magari hayo. Kosa lililodaiwa ni kuchelewa kusema. Huku kwetu guta la aina moja likikatika Newala, mwenye la aina hiyo hiyo kule Ruangwa atajulia wapi? Kila guta la korosho hupita getini kwa ghala la chama cha msingi. Tangazo la aina ya chombo na namba zake za chesisi likibandikwa pale kabla ya msimu, kila dereva atalisoma akiwa kwenye foleni ya mizani.

Kuhusu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wapo wilayani, waoneni mapema. Na tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Enzi zangu nilikuwa nikimpa mtu hati ya madai yake mwenyewe naye ananiomba nimweleze anadai nini. Aibu hiyo imepungua.

Kubwa zaidi, msitie sahihi kitandani. Mpwa wangu aliletewa wodini bahasha ya pole ikiwa na karatasi iliyochapwa tayari, kwamba amepokea na hatadai chochote tena kwa mtu yeyote. Pole ipokeeni kwa shukrani. Karatasi semeni itamsubiri mjomba.

Yeye bado anatembelea magongo. Barua ya madai imeshatumwa kwa muagizaji, na jibu likija, Mhariri, nitaomba nafasi tena.

Karani Mstaafu,
Kitangari, Newala,
Mtwara