Namba 4,294,967,297 ifundishwe shuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ufundishaji wa hisabati. Mara nyingi wanafunzi wetu hupewa mfuatano wa namba nne au tano wataje inayofuata, na anayetaja ile iliyotarajiwa hupata vema bila kuulizwa kwa nini utaratibu huo uendelee. Hivyo ndivyo wanavyozoea kuamini kwamba mifano michache ni uthibitisho tosha, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa.

Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa alizichunguza namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, naye akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa. Inayofuata, yenye kipeo cha 32, ni 4,294,967,297. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Kwa kuitazama tu, hakuna cha kuitilia shaka. Ilipita miaka zaidi ya 90 ndipo mwanahisabati Leonhard Euler wa Uswisi, mwaka 1732, alipoonyesha kwamba ni zao la 641 na 6,700,417.

Njia ya kukifikia kigawo hicho cha 641 ndiyo ninayotamani wanafunzi waione. Yapo maelezo yanayothibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Kwa hiyo, badala ya kuhangaika na namba tasa zaidi ya mia moja zilizo chini ya 641, mtu anabakiwa na nne tu za kujaribu, yaani 193, 257, 449 na 577, kisha anaifikia 641 yenyewe, ambayo ni 64 mara 10 kujumlisha 1. Kazi hiyo inamalizika darasani kwa kalamu na karatasi.

Nawaomba walimu wenzangu na watungaji wa mitihani waongeze neno "thibitisha" katika maswali ya mfuatano, na wawaambie wanafunzi kwamba baada ya 65,537 haijapatikana namba tasa nyingine ya aina hii hadi leo, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa hisabati, Morogoro