Nyanya ya kilo, kutoka Mikindani

Mikindani, Mtwara
Julai

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ni huu upepo wa kusi tu unaotupiga. Vipi Newala, mikorosho mmeshaanza kuipulizia?

Picha ya nyanya niliyokutumia ni ya kweli, acha kunitania. Nyanya ile tuliipima kwa muuza samaki, ikapita kilo kidogo. Unauliza nimeweka mbolea gani. Kila anayepita uani huuliza hilohilo, na anaondoka hajaridhika, maana ni samadi ya mbuzi tu, ileile unayoijua. Ukizidisha urea utavuna majani.

Siri iko kwenye mbegu na kwenye ua. Tanya yako, hiyo aina ya nyanya unayopanda, ukiikata ina vyumba vichache tu vya mbegu. Uimwagie utakacho, haitafika nusu kilo. Hii yangu ndani ni vyumba vingi vilivyosongamana, ndiyo maana kwa nje ina makunyanzi na kitovu kibaya. Mche ukianza kuchanua, chungulia vichala vya chini. Utaona ua moja pana, nene, mithili ya maua mawili matatu yaliyogandana. Hilo liache, mengine ya kichala hicho kata yote. Najua mkono utasita, wewe hata kokwa ya embe hutupi mpaka uimung'unye. Kata tu! Machipukizi ya kwapani nayo yang'oe kila yanapotokea, libaki shina moja, ulifunge kwenye mti imara kwa kitambaa laini. Kuna Mmarekani wa Oklahoma, Gordon Graham, mwaka 1986 alivuna moja ya kilo 3.51, rekodi yake ilikaa mpaka 2014. Ya kwangu mtoto!

Kwako kazi itakuwa maji. Nyanya hizi hazitaki kulewa leo na kukauka kesho. Kitako huoza kikawa cheusi, au ngozi inapasuka. Watu hukimbilia dukani kutafuta dawa, kumbe mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila haifiki kwenye tunda maji yakiwa ya kubahatisha. Kwa bei ya ndoo ya maji huko kwenu, panda miche miwili tu karibu na jiko, utandaze nyasi kavu nene shinani. Mimi natumia makumbi ya nazi. Majani yenye mistari ya kanitangaze, yule kiwavi anayekula ndani ya jani, yachume mapema, uyachome.

Ila mna baridi ya usiku, na hapo mmetuzidi. Huku joto la Novemba likiingia maua hudondoka yenyewe. Kwa hiyo sia sasa hivi, usingoje mpaka korosho ziishe.

Sokoni usizipeleke. Mteja anataka fungu la nyanya nne tano zilizolingana, ngumu, zinazovumilia barabara. Hili dude ni la kukatia kachumbari siku ya wageni, na la kuwanyamazisha majirani.

Mbegu nimezikausha na kuzifunga kwenye karatasi, nimempa dereva wa basi la asubuhi. Si chotara, ukipenda utatunza za kwako. Usizipande palipokuwa na bilinganya au pilipili, mnyauko hubaki udongoni.

Dereva akirudi mpe ming'oko, vile viazi vya porini, tena iwe mingi, safari ile ulinipunja.

Wako,
Shoga yako wa Mikindani